Johann Ludwig Krapf: Maisha ya Kujitolea na Kumtumaini Mungu

Katika mihadhara ya historia ya Kiswahili, jina la Johann Ludwig Krapf hutajwa mapema na aghalabu hutajwa kwa haraka. Mhadhiri huandika ubaoni miaka mitatu, 1844, 1850 na 1882, wanafunzi wakainakili, kisha somo likapiga hatua kuelekea kwa Edward Steere na hatimaye usanifishaji wa lugha. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa, na sina lawama, kwa kuwa muda wa muhula ni mfupi. Hata hivyo, nilipoanza kusoma habari za maisha yake kwa ajili ya utafiti wangu, niligundua kwamba kati ya mwaka wa kwanza na wa tatu kuna makaburi kadhaa, homa zisizohesabika, na swali ambalo mwanafunzi wa fasihi hawezi kulipuuza: ni nini humfanya mtu aendelee na kazi ambayo kila dalili inamwambia aiache?

Makala hii haikusudii kuwa mahubiri, wala haikusudii kuwa hati ya mashtaka. Tumewahi kuwa na maandishi ya aina zote mbili kuhusu wamisionari. Nia yangu ni kusimulia maisha ya mtu huyu jinsi yalivyokuwa, nikizingatia zaidi lile ambalo yeye mwenyewe aliliona kuwa kiini chake, yaani imani.

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, katika ufalme wa Württemberg ambao leo ni sehemu ya Ujerumani. Wazazi wake walikuwa wakulima Walutheri. Alipokuwa na umri wa miaka kumi na mmoja hivi, jirani mmoja alimpiga vibaya kwa kosa lililofanywa na mtoto mwingine, akaugua kwa muda wa nusu mwaka. Kitandani pale alianza kuisoma Biblia kwa bidii, hasa visa vya Agano la Kale. Kisa hiki ni kidogo, lakini mtu anayeyafuatilia maisha yake hawezi kukisahau, kwa maana ugonjwa na kusoma viliandamana naye hadi mwisho kama mapacha.

Baadaye alipelekwa shule Tübingen. Huko alipata atlasi, naye akaona kwamba upande wa mashariki ya Afrika ramani ilikuwa tupu, majina ni machache mno. Mtoto yule akajiuliza kama utupu ule ulimaanisha kwamba huko waliishi fisi peke yao. Muuza vitabu mmoja akamwazima kitabu cha msafiri James Bruce kuhusu Uhabeshi. Naam, wakazi wa nchi zile hawakuwa na habari kwamba nchi yao ilikuwa tupu! Hata hivyo, utupu huo wa karatasi ndio uliompa kijana wa mkulima ndoto ya maisha.

Mwaka wa 1827 alijiunga na chuo cha wamisionari cha Basel, Uswisi. Mtu angetarajia kwamba kuanzia hapo njia ingenyooka, ila haikunyooka. Baada ya takriban miaka miwili aliacha chuo. Alikuwa amezama katika vitabu vya watu waliotafuta kumjua Mungu kwa njia ya ndani kabisa, akafikia kujiona kuwa hastahili kuwahubiria wengine. Alirudi Tübingen, akasoma theolojia, akahitimu mwaka wa 1834 na kufanya kazi ya uchungaji msaidizi vijijini. Wanaomwandika kama shujaa aliyezaliwa na imani timamu hupita haraka hapa. Mimi naona kwamba bila miaka hii ya kusitasita hatuwezi kumwelewa Krapf wa Mombasa. Mtu huyu alijua shaka kwa jina. Mmisionari wa Kiswidi, Peter Fjellstedt, ndiye aliyemtia moyo tena, na mwaka wa 1837 Krapf akatumwa Uhabeshi na shirika la Kianglikana la Church Missionary Society, ambalo nitaliita CMS.

Uhabeshi ulimpokea kwa mkono mmoja na kumfukuza kwa mwingine. Alifukuzwa Tigray mwaka wa 1838, akaingia Shewa mwaka wa 1839 na kukaa karibu na mfalme Sahle Selassie hadi 1842. Alijifunza Kiamhari na Ge'ez, lakini moyo wake ulivutwa na Waoromo. Aliamini kwamba taifa hilo kubwa likipokea Injili, Afrika Mashariki nzima ingefuata. Jambo moja la kipindi hiki halimpendezi msomaji wa leo: Krapf aliwasaidia wajumbe wa serikali ya Uingereza waliofika Shewa kutafuta mkataba na mfalme. Kazi ya Injili na kazi ya dola zilipita mlango mmoja, naye hakuonekana kusumbuliwa sana na jambo hilo. Mwaka wa 1842 aliondoka Shewa kuelekea pwani. Njiani mtawala mmoja wa Wollo alimnyang'anya karibu kila alichokuwa nacho.

Katika mwaka huohuo alifunga ndoa mjini Alexandria, Misri, na Rosine Dietrich kutoka Basel. Kutoka hapa simulizi ni ya watu wawili, ingawa vitabu vyetu humtaja Rosine kwa sentensi moja tu, akikumbukwa zaidi kwa kufa kwake. Wawili hao walijaribu kuingia Uhabeshi tena mwaka wa 1843, wakazuiwa. Wakiwa katika nyika kavu ya Washoho, mbali na makazi, Rosine alijifungua mtoto wa kike kabla ya wakati. Mtoto aliishi muda mfupi mno, Krapf akambatiza na kumpa jina la Eneba, lenye maana ya chozi katika Kiamhari. Walimzika chini ya mti kando ya njia, na wenyeji waliokuwa wakiwasafirisha hawakuweza kungoja, safari iliendelea.

Tuzingatie uamuzi uliofuata. Mlango wa kaskazini ulikuwa umefungwa. Wangeweza kurudi Ulaya, na hakuna ambaye angewalaumu. Krapf akapata wazo la kuwafikia Waoromo kutoka kusini, kwa kupitia pwani ya Waswahili. Mnamo Novemba 1843 walipanda chombo kutoka Aden. Chombo kilivuja na kujaa maji, nusura wazame, wakarudi Aden kisha wakaanza upya. Mwanzoni mwa Januari 1844 walitia nanga Mombasa kwa muda mfupi, wakaendelea hadi Unguja, ambako balozi wa Uingereza, Atkins Hamerton, aliwakaribisha na kumpeleka Krapf mbele ya Sayyid Said. Sultani alimpa barua ya kuwaamuru maliwali wa pwani wampokee vizuri, ikimweleza kuwa ni mtu mwema anayetaka kuwaita watu kwa Mungu. Ni jambo la kutafakari kwamba mtawala Mwislamu ndiye aliyemfungulia mmisionari huyu njia. Mnamo Mei 1844 Krapf na mkewe walihamia Mombasa.

Hapa ndipo wanafunzi wa Kiswahili tunapoingia. Tunapaswa kukumbuka kwamba Kiswahili hakikuwa shabaha ya Krapf. Kwake kilikuwa daraja tu la kuwafikia Waoromo. Hata hivyo, alikishika kwa nguvu zake zote tangu wiki za kwanza. Tarehe 8 Juni 1844 alianza kutafsiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili akisaidiwa na Sheikh Ali, kadhi mwenye asili ya Barawa. Picha ya wawili hao imenikaa akilini: kadhi wa Kiislamu na mchungaji wa Kilutheri, wameketi chumba kimoja katika Mji wa Kale, wakitafuta neno la Kimvita la kuelezea jinsi mbingu na nchi zilivyoumbwa. Bila shaka kila mmoja alijua kwamba mwenzake hangebadili dini. Krapf aliandika mambo makali kuhusu Uislamu na kuhusu watu wa pwani, mengine ya kuudhi kabisa, na siwezi kuyatetea. Lakini bila mwalimu huyo Mwislamu kazi yake isingeanza, na nadhani wakati umefika wa kulitaja jina la kadhi huyo mihadharani kila tunapolitaja la Krapf.

Furaha ya Juni haikumaliza mwezi mmoja. Homa ya pwani, ambayo sasa tunaijua kuwa malaria, ilimwangusha Krapf kwanza. Kisha ikamshika Rosine, naye alikuwa mja mzito. Tarehe 6 Julai alijifungua mtoto wa kike. Homa haikumwacha. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kiasi kwamba alilala karibu na kitanda cha mkewe bila nguvu za kumhudumia ipasavyo. Tunasimuliwa kwamba Rosine, akijua mwisho wake uko karibu, aliwaita watumishi na walinzi wa nyumba akawazungumzia habari za Kristo, akawaombea jamaa zake, nchi hii na hata Sultani. Alimsihi mumewe asimsifu katika barua zake, bali aseme tu kwamba alikufa kama mwenye dhambi aliyeokolewa kwa neema. Alifariki tarehe 13 Julai 1844. Krapf ilimbidi ajikokote kutoka alipolala ili kuthibitisha kwamba kweli amekata roho.

Rosine alikuwa ameomba azikwe bara na si kisiwani, mahali ambapo Wamijikenda, walioitwa Wanyika zama hizo, wangepita na kulikumbuka jambo lililowaleta wageni hao katika nchi yao. Alizikwa ng'ambo ya kisiwa, Nyali. Siku moja baada ya mazishi, mtoto naye akafa, akalazwa pamoja na mama yake.

Je, huyu alikuwa mke aliyefuata tu alikopelekwa? Swali hili lilizushwa na mwenzangu katika semina yetu, na ni swali la haki, maana karibu yote tunayoyajua kuhusu Rosine yameandikwa na mumewe. Jibu langu ni la tahadhari. Mwanamke aliyemzika mtoto wake nyikani mwaka wa 1843 alikuwa na kila sababu ya kudai kurudishwa kwao. Alipanda chombo, kikavuja, akapanda tena. Na ombi lake la kuzikwa bara linaonyesha mtu mwenye fikra zake kuhusu kazi hiyo, aliyetaka hata kaburi lake lifanye alichokuja kufanya. Siamini kwamba kujitolea kulikuwa kwa Krapf pekee. Pengine sehemu kubwa zaidi ilikuwa ya Rosine.

Baada ya mazishi hayo Krapf aliwaandikia wakuu wa CMS. Badala ya kuomba ruhusa ya kurudi nyumbani, aliwaambia kwamba kaburi hilo la upweke kwenye pwani ya Afrika Mashariki ni ishara kwamba mapambano yameanza upande huu wa dunia, na kwamba ushindi wa Kanisa hupatikana kwa kukanyaga makaburi ya watu wake. Maneno hayo yamenukuliwa mara nyingi sana hadi yamekuwa kama wimbo. Mimi huyaona kwa macho mawili. Kwa jicho moja naona imani iliyokomaa ya mtu aliyepoteza kila kitu na bado hakumshtaki Mungu. Kwa jicho la pili naona hatari: mtu anayehesabu makaburi kama ngazi anaweza kuwaita wengine wapande bila kupima gharama. Historia ya misheni yenyewe ilithibitisha yote mawili, kama tutakavyoona.

Alikaa peke yake kwa karibu miaka miwili akijifunza, akitafsiri na kuugua. Johannes Rebmann, Mjerumani mwenzake kutoka Württemberg, aliwasili Juni 1846. Wazee wa Rabai waliwakubalia kujenga kwao, na tarehe 25 Agosti 1846 wawili hao, wote wakiwa na homa, walipanda mlima kuelekea Rabai wakipokezana punda mmoja. Krapf aliona kwamba wakiwa hai au wakifa ni lazima wafike. Hivyo ndivyo kituo cha Rabai kilivyoanza.

Safari zilizofuata zinajulikana, nami sitazirudia kwa urefu. Rebmann aliuona Mlima Kilimanjaro mwaka wa 1848; Krapf, akiwa Ukambani kwa mtemi Kivoi wa Kitui, aliuona Mlima Kenya tarehe 3 Desemba 1849. Wataalamu kadhaa wa Ulaya walicheka habari za theluji karibu na ikweta. Wenyeji waliokuwa wakiiona theluji hiyo kila asubuhi hawakuulizwa.

Safari ya 1851 ndiyo iliyoipima imani yake kuliko nyingine. Krapf alikwenda na Kivoi kuelekea Mto Tana. Karibu na mto walishambuliwa, Kivoi akauawa, msafara ukatawanyika. Krapf akabaki peke yake porini. Alifika mtoni akanywa, na kwa kuwa hakuwa na kibuyu alijaza maji katika mfuko wa ngozi wa darubini yake na katika mitutu ya bunduki. Mchana alijificha, usiku alitembea, akila majani na chochote alichopata. Alipofika kwa watu wa Kivoi, baadhi walimlaumu kwa nini hakufa pamoja na mwenyeji wake, akalazimika kutoroka tena. Katika maelezo yake ya siku hizo haonekani kama mtu asiyeogopa. Aliogopa sana. Tofauti yake ni kwamba aliomba huku akiogopa, akahesabu kila tone la maji kuwa jibu la ombi.

Na matunda? Kwa hesabu ya dunia ni aibu. Mtu wa kwanza kubatizwa katika kazi hiyo ni Mringe, mlemavu maskini, aliyebatizwa mwaka wa 1851 akiwa karibu kufa. Krapf alikuwa ameota mnyororo wa vituo vya misheni kutoka bahari ya mashariki hadi ya magharibi. Alipokwenda Ulaya mwaka wa 1850 aliwashawishi wakuu wa CMS, akarudi na vijana wapya. Mmoja wao alifariki muda mfupi baada ya kufika, mafundi waliokuja nao waliugua na kurudishwa, na mpango ukavunjika. Rebmann hakuwahi kuupenda. Yeye aliamini katika kukaa mahali pamoja na kungoja, naye alikaa Rabai hadi 1875 bila kurudi kwao hata mara moja, akawa kipofu. Wanaume hawa wawili walihitilafiana waziwazi. Mmoja aliona kwamba kumtumaini Mungu ni kusonga mbele, mwingine kwamba ni kutulia. Nikilazimishwa kuchagua, ningesema Rebmann aliyasoma mazingira vizuri zaidi.

Mwaka wa 1853 afya ya Krapf ilimlazimisha kuondoka. Aliishi Kornthal, karibu na Stuttgart. Alirudi pwani mwaka wa 1862 kuwasaidia Wamethodisti kuanzisha kituo cha Ribe. Kati ya vijana wanne aliofika nao, ni Thomas Wakefield pekee aliyebaki. Mwaka wa 1867 alikwenda Uhabeshi kama mkalimani wa jeshi la Waingereza dhidi ya Mfalme Tewodros, akaugua na kurudi. Tukio hilo la mwisho silielewi, na silioni likipatana na kaburi la Nyali.

Kwetu sisi, miaka ya Kornthal ina uzito wa pekee. Sarufi yake ya Kiswahili ilikuwa imekwisha kuchapishwa Tübingen mwaka wa 1850, sambamba na msamiati wa lugha sita za Afrika Mashariki. Mwaka wa 1854 alikabidhi kwa maktaba ya Jumuiya ya Mashariki ya Wajerumani, mjini Halle, miswada ya tendi za Kiswahili katika hati za Kiarabu, miongoni mwake utendi wa Herekali. Hebu tutafakari kinaya hiki: mmisionari aliyetaka Kiswahili kiandikwe kwa herufi za Kirumi, kwa sababu aliogopa kwamba hati ya Kiarabu ingeueneza Uislamu, ndiye aliyeokoa nakala ya utendi wa vita vya Mtume na Warumi. Mwanafunzi wa ushairi wa kale ana deni kwake, apende asipende.

Kazi ya kamusi aliifanya kwa miaka mingi, akichanganya aliyoyakusanya mwenyewe Mombasa na ya Rebmann. Tahajia yake ni ngeni kwetu, na baadhi ya maelezo yamejaa hukumu zake. Lakini Kimvita cha karne ya kumi na tisa kimo humo, pamoja na majina ya samaki, ya sehemu za jahazi na ya vyakula, ambayo baada ya Kiunguja kuteuliwa mwaka wa 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu yangeweza kutoweka bila kuacha alama. Mwanamume aliyekuja kutafuta Waoromo hakuwahi kuishi miongoni mwao tena.

Jioni ya tarehe 25 Novemba 1881 aliingia chumbani kwake kama kawaida. Asubuhi yake alikutwa amepiga magoti kando ya kitanda, amefariki. Alizikwa Kornthal, mbali na Rosine. Kamusi ilichapishwa London mwaka uliofuata, zaidi ya kurasa 400, naye hakuiona. Kaburi la Nyali lipo hadi leo, limezungukwa na mtaa wa majumba ambao haukuwapo wakati njia ile ilipopitwa na Wamijikenda wakielekea kivukoni.